Mtoto na Mtu Mzima: Mjadala juu ya Fidla ya Yehudi Menuhin

Miongoni mwa sanaa ambazo wanadamu wamezitafutia jaha, fidla ina dhuluma yake ya pekee, nayo ni kwamba humtaka mtu aianze kabla hajajua anachokianza, kisha humdai hesabu pale akili inapokwisha kukomaa na viungo vinapoanza kugoma. Ngoma humpokea kijana aliyekwisha ota ndevu, na kinanda humvumilia hata aliyechelewa. Lakini fidla, chombo cha nyuzi nne kisicho na alama hata moja ya kumwonyesha mpigaji aweke wapi kidole, huwachagua watu wake wangali wadogo, na aghalabu huwaacha njiani bila ya taarifa.

Kwa sababu hiyo sikustaajabu kwamba hoja iliyoletwa mbele ya baraza letu jioni moja ilikuwa hii: kuwa Yehudi Menuhin, mpiga fidla ambaye sifa yake ilienea toka San Francisco hadi Moscow na toka Johannesburg hadi Delhi, alikuwa mkubwa zaidi alipokuwa mdogo. Walioijadili walikuwa wanne. Wakili ndiye aliyeileta, kwa ile ghera ya watu wa mahakama ambao hupenda hoja yenye pembe. Maalim aliipinga. Fundi, ambaye amepiga fidla ya taarabu kwa zaidi ya nusu ya umri wake, alisema kwamba yeye hana upande, kisha akawa na upande mara kwa mara. Wa nne alikuwa Bi Mwalimu, aliyesomesha watoto wadogo tangu ujana wake na ambaye hapendi kuona mtoto anasifiwa kupita kiasi. Nimeyafupisha maneno yao yalipokuwa marefu, na nimejipa ruhusa ya kuingiza yangu machache.

WAKILI: Sikuja hapa kumvunjia marehemu heshima yake. Nimekuja kumpima kwa mizani aliyoitundika mwenyewe, na kosa lake, kama ni kosa, ni kuwa aliitundika mapema mno na juu mno. Alizaliwa New York tarehe 22 Aprili 1916, wazazi wake wakiwa Mayahudi waliotoka katika dola ya Kirusi. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mama yake, alipokuwa mjamzito, alitafuta nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba akamhakikishia kwa furaha kuwa Mayahudi hapangishi. Hapo mama akaapa kwamba mtoto atakayezaliwa ataitwa Yehudi, ili pasiwe na mtu duniani atakayetia shaka ni wa watu gani. Naomba baraza lilikumbuke jambo hili, maana nitalirudia. Familia ilihamia San Francisco, na huko wazazi walikuwa wakimchukua mtoto katika maonyesho ya okestra, naye akamwona Louis Persinger, kiongozi wa wapiga fidla, akataka vitu viwili tu: fidla, na bwana yule awe mwalimu wake. Rafiki mmoja wa nyumbani akamletea fidla ya kuchezea, ya bati, yenye nyuzi za chuma. Mtoto wa miaka minne hivi aliijaribu, akaisikia sauti yake, akaibwaga chini kwa ghadhabu. Nani kati yetu katika umri ule alijua kutofautisha sauti na kelele?

Umri wa miaka saba alikwisha panda jukwaani. Tarehe 25 Novemba 1927, akiwa na miaka kumi na mmoja, alisimama katika ukumbi wa Carnegie, New York, kupiga konseto ya Beethoven, mtungo ambao watu wazima huuogopa. Kiongozi wa okestra, Fritz Busch, alikuwa amekataa katakata, akiona ni dhihaka mtoto kukabidhiwa kazi ile, hadi alipomsikia. Siku yenyewe mtoto alimpa fidla yake mpigaji mkubwa wa okestra amkazie nyuzi, kwa kuwa vidole vyake havikuwa na nguvu ya kuzungusha vigingi. Alipomaliza kukaziwa aliipokea, akapiga, na watu wakatoka wamepigwa na butwaa. Tarehe 12 Aprili 1929, Berlin, Bruno Walter akiongoza okestra, alipiga konseto tatu kwa usiku mmoja, Bach, Beethoven na Brahms, na katika waliomwendea kumkumbatia alikuwamo Albert Einstein. Mwaka huo huo alikuwa amekwisha pewa na Henry Goldman, mwenye benki wa New York aliyekuwa amepofuka, fidla ya Stradivari ya mwaka 1733 iitwayo Khevenhüller. Mwaka 1932, huko London, aliitia konseto ya Elgar katika sahani za santuri, Elgar mwenyewe akiongoza, kijana ana miaka kumi na sita na mtunzi ana sabini na mitano. Na kabla ya siku ile, yasimuliwa, mzee alimsikiliza kidogo tu, akasema hana wasiwasi, akaenda zake kutazama mbio za farasi. Sasa nionyesheni ni lini baada ya hapo alifika juu zaidi ya hapo.

Nakiri kwamba hotuba hii iliwatikisa wasikilizaji, na mimi mmoja wao, kwa kuwa Wakili hakutaja hata jambo moja lisilo la kweli. Lakini Fundi, aliyekuwa amefumba macho muda wote, aliyafungua.

FUNDI: Wakili, umetusomea shahada zake, hukutusomea mtihani alioanguka. Alipokuwa na miaka kumi alipelekwa Brussels kwa Eugène Ysaÿe, ambaye kwa zama zile alikuwa kama mfalme wa fidla. Mtoto akapiga mtungo wa Lalo, mfalme akapendezwa. Kisha akamwomba jambo dogo, jambo la darasani: apande na kushuka mlolongo wa sauti za A, tabaka nne. Mtoto akapapasa kwenye shingo ya fidla kama kipofu anayetafuta mlango. Mtu aliyekuwa akipiga Lalo hakuweza kupanda ngazi! Mzee akamshauri ajizoeze ngazi zake, mtoto akatoka, na hakurudi tena kwa mwalimu yule. Akaenda Paris kwa mpiga fidla George Enescu, ambaye aliipenda roho ya mtoto na hakuitesa mikono yake.

WAKILI: Hilo lanisaidia mimi, Fundi. Aliweza bila ya kujua namna alivyoweza. Hiyo ndiyo karama.

FUNDI: Ni karama hadi siku inapoondoka. Mimi na wenzangu wa taarabu tulijifunza kwa sikio, hatukupewa karatasi. Tulimwangalia mkubwa mkono wake, tukaiga, na jioni tukarudi kuiga tena. Silaumu njia hiyo, imelea mafundi Zanzibar tangu kikundi cha Ikhwani Safaa kilipoundwa mwaka 1905, na imelea mafundi Misri kabla yetu. Lakini najua kasoro yake. Anayepiga kwa kuiga, mkono wake ukiharibika hajui aanzie wapi kuutengeneza, kwa kuwa hakuutengeneza yeye. Huyu bwana alipofika umri wa utu uzima, baada ya maonyesho yasiyohesabika, ndoa iliyovunjika na vita, mkono wa kulia ulianza kumkana. Upinde ulitetemeka. Mnajua upinde kutetemeka maana yake nini? Singa za farasi zinapogusa uzi polepole, katika ile sauti ndefu nyembamba ambayo ukumbi mzima umeshika pumzi kuingojea, mkono ukisita kwa unywele mmoja tu sauti hukatika vipande, na hakuna pa kujificha. Mpiga ngoma hukosa akafunikwa na mwenziwe. Mpiga fidla amesimama mbele peke yake.

Hapa nataka nitie neno. Habari ya mtihani wa Brussels tunaijua kwa sababu Menuhin aliisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, akiwa mtu mzima mwenye sharafu zote, ilhali angeweza kuificha asijulikane. Nimesoma maisha mengi ya watu wakubwa yaliyoandikwa na wenyewe, na aghalabu husimulia mitihani waliyofaulu.

BI MWALIMU: Mnazungumza juu ya mkono kana kwamba ulikuja duniani bila ya nyumba. Mtoto huyu alipelekwa skuli siku moja tu, akarudi nyumbani, na ikawa ndiyo mwanzo na mwisho wa skuli. Kila kitu kilipangwa kwa ajili ya fidla: mji wa kukaa, saa ya kulala, walimu wa nyumbani, marafiki. Nami nauliza, na dada zake? Alikuwa na dada wawili, Hephzibah na Yaltah, na wote wawili walipiga piano. Hephzibah alipokuwa na miaka kumi na mitatu, mwaka 1933, alipiga sonata ya Mozart pamoja na kaka yake katika santuri, na sahani ile ikapata tuzo huko Ufaransa. Lakini mama yao aliona kuwa ajira ya jukwaani si ya mwanamke, na Yaltah ndiye aliyepewa moyo kidogo kuliko wote. Mwaka 1938 Yehudi alimwoa Nola Nicholas wa Australia, na Hephzibah akaolewa na kaka yake Nola, akaenda kuishi katika shamba la kondoo. Mkitaka kupima gharama ya mtoto wa ajabu, msimhesabie yeye peke yake.

MAALIM: Bi Mwalimu, hapo sina la kukujibu, na sitajifanya ninalo. Lakini hoja iliyo mbele yetu ni kama alipungua. Mimi nasema kwamba mtoto alipewa, na mtu mzima alichuma, na kilichochumwa ni milki zaidi ya kilichopewa. Tazameni miaka ya vita. Alipiga maonyesho zaidi ya 500 kwa ajili ya majeshi ya Washirika na wagonjwa wao, katika mahospitali na makambi, mbele ya watu ambao wengi wao hawakupata kusikia fidla ya namna ile na hawakununua tikiti kuja kuisikia. Mwaka 1943 alimpigia Béla Bartók sonata aliyoitunga Bartók mwenyewe. Mtunzi yule alikuwa New York, mgonjwa, amefilisika, anasahauliwa. Menuhin akamwomba amtungie kazi mpya kwa malipo, wala hakutoa amri iwe ya namna gani. Bartók akamwandikia sonata ya fidla peke yake, ngumu kuliko alivyotarajia, na Menuhin akaipiga kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Carnegie tarehe 26 Novemba 1944. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, Bartók alifariki. Mtoto wa Berlin asingefanya hivyo, kwa sababu mtoto hupiga alichopewa.

Kisha mwezi wa Julai 1945, kambi ya Belsen, miezi mitatu tu tangu Waingereza walipoifungua na kukuta maiti zimelala pamoja na walio hai. Menuhin alikwenda kuwapigia walionusurika. Mtunzi Benjamin Britten aliomba awe yeye wa kumpigia piano, na Gerald Moore, aliyekuwa amepangwa, akampisha. Walizunguka siku kadhaa katika makambi na mahospitali ya Ujerumani. Wakili, pima hilo kwa mizani yako.

WAKILI: Nitalipima. Katika waliosikiliza Belsen alikuwamo Anita Lasker, binti aliyepona Auschwitz kwa kuwa alijua kupiga selo katika bendi ya wafungwa wanawake, na aliyebaki moyoni mwake, kama alivyoeleza baadaye, ni yule mpiga piano asiyemjua jina. Simsimangi Menuhin kwa hilo. Nasema tu kwamba wema wa safari na ubora wa sauti ni vitu viwili, nanyi mnavichanganya kwa kuwa ni vizuri vyote viwili. Lakini tusikae Belsen, kwa sababu miaka miwili baadaye alifika Berlin, na ndipo ninapolirudia jina lake.

Sote tulijua anakwenda wapi, na hata wahudumu wa kahawa waliacha kupita.

WAKILI: Septemba 1947 Yehudi Menuhin, Myahudi kwa nasaba na kwa jina la kiapo cha mama yake, alisimama Berlin kupiga konseto ya Beethoven, na aliyeongoza okestra ni Wilhelm Furtwängler. Alikuwa mpigaji Myahudi wa kwanza wa daraja hiyo kurudi huko baada ya mauaji ya Mayahudi. Furtwängler alikuwa nani? Aliyebaki Ujerumani chini ya Hitler. Toscanini hakuwamo nchini, Bruno Walter alifukuzwa, Fritz Busch aliondoka. Yeye akabaki, akaongoza, na mwaka 1942 akaongoza katika sherehe ya siku ya kuzaliwa kwa Hitler. Najua alisafishwa na mahakama ya kuwachunguza Wanazi. Mimi ni wakili, najua pia mahakama husafisha nini na haisafishi nini. Mwaka 1933 Menuhin mwenyewe alikataa mwaliko wa Furtwängler huyu huyu, kwa kuwa wapigaji wa Kiyahudi walikuwa wamefungiwa milango. Kijana wa miaka kumi na saba aliona vyema. Mtu wa miaka thelathini na mmoja akapofuka. Na alipotakiwa Furtwängler aende kuongoza okestra ya Chicago, wapigaji wakubwa wa Kiyahudi, Heifetz, Horowitz na Rubinstein, wakakataa kupiga huko, Menuhin akasimama kumtetea. Je, wale wote walikuwa na nyoyo ndogo?

MAALIM: La, hawakuwa na nyoyo ndogo, na mimi sitawahukumu, kwa kuwa aliyefiwa ana haki ya kufunga mlango wake. Lakini kila ulilolisema lina la pili yake. Aprili 1933, wakati Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, anaanza kazi yake, Furtwängler alimwandikia barua ya wazi kuwatetea wanamuziki wa Kiyahudi, na ikachapishwa. Mwaka uliofuata alijiuzulu vyeo vyake kwa ajili ya Hindemith, mtunzi aliyeandamwa na Wanazi. Wapo Mayahudi aliowasaidia na kuwaombea. Menuhin alisikia haya kwa waliookolewa, si kwa Furtwängler. Akaona kwamba ikiwa kila Mjerumani ni mkosa kwa Ujerumani wake, basi wale waliomfanya kila Myahudi mkosa kwa Uyahudi wake watakuwa wamewafundisha watu kanuni yao.

WAKILI: Maneno mazuri, Maalim, na ukinipa kesi ya kumtetea nitayatumia. Lakini hebu nieleze kinachonikera. Mpigaji wa pekee huishi maisha yake yote akiwa amesimama mbele, watu themanini nyuma yake wakimfuata, maelfu mbele yake wamenyamaza. Akipunguza mwendo, wote hupunguza. Mtu aliyelelewa hivyo toka umri wa miaka saba akiingia katika mambo ya umma hudhani kwamba umma nao utamfuata, kwamba atapiga Beethoven na walioua na waliouawa watapumua pumzi moja. Sisemi alikuwa na nia mbaya. Nasema ni kiburi cha kazi, na kazi yenyewe ilimtia.

Kwa insafu, hoja hii ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote jioni ile, na naona kwamba wengi wanaoandika juu ya wanamuziki huipita upesi, wakidhani kuwa mtu akipiga vizuri atakuwa na busara vilevile. Maalim alijaribu kuijibu kwa kuhesabu ziara: Afrika Kusini mwaka 1950, ambako Menuhin, mbali na kumbi za Wazungu alimolipwa kupiga, aliwapigia Waafrika katika kanisa la Sophiatown alimokuwa Padri Trevor Huddleston, na wakala wake akamtishia mashtaka, India mwaka 1952 kwa mwaliko wa Nehru, Moscow, Israel. Lakini ziara hazijibu tuhuma ya kiburi, huenda zikaikuza, na nadhani Maalim mwenyewe aliliona hilo, kwa kuwa alinyamaza katikati ya orodha. Aliyejibu ni Fundi.

FUNDI: Wakili, wewe umetazama jukwaa toka kitini. Konseto ile ya Beethoven huanza kwa mapigo matano ya ngoma, polepole, dum, dum, dum, dum, dum. Kisha okestra inaingia, na mpiga fidla hana kazi. Anasimama pale, dakika tatu nzima, fidla mkononi, taa usoni, watu wanamtazama, naye hapigi. Anasikiliza. Asiposikiliza mwendo waliokwenda nao wale, pumzi waliyovuta, sauti yao imepanda kidogo au imeshuka, akiingia ataingia peke yake na ataharibu. Na anapoingia, haingii na mdundo mkubwa, anapanda ngazi, ngazi tu, ya aina ile aliyoshindwa Brussels, toka chini hadi juu. Kwa hiyo usiniambie kazi hii inafundisha kiburi. Inaweza. Lakini mwenye kiburi huharibikiwa katika dakika zile tatu.

WAKILI: Basi Berlin alimsikiliza nani?

BI MWALIMU: Hilo nitalijibu mimi, maana mmesema Berlin mkasahau Düppel. Huko Berlin palikuwa na kambi ya Mayahudi waliopona, wasio na pa kwenda, ikiitwa Düppel. Menuhin alitaka kuwapigia na wao. Siku ilipofika, ukumbi ulikuwa mtupu, walihudhuria wachache mno wa kuhesabika. Walikuwa wamesoma kwamba amepiga na Furtwängler, na gazeti lao likamwandikia maneno makali. Angeweza kupanda ndege. Badala yake aliomba akutane nao, na alipoingia safari ya pili ukumbi ulifurika watu waliomchukia. Hakuja kupiga, alikuja kusema. Aliwaeleza kwa nini alifanya alivyofanya, nao wakamsikiliza, na mwisho wakampigia makofi. Sijui kama walikubaliana naye. Makofi si hati. Lakini mtoto wa 1929 hakupata kusimama mbele ya watu bila ya fidla. Hakuwa na cha kuwaambia.

WAKILI: Na kama wasingepiga makofi?

BI MWALIMU: Angekuwa amesimama vilevile.

Wakili hakukubali, wala sikumtarajia akubali. Alikumbusha kuwa mwaka 1953 Heifetz alipiga sonata ya Richard Strauss huko Israel, akapigwa mkono kwa nondo nje ya hoteli yake Jerusalem, na kwamba jeraha la aina hiyo halikupoa kwa hotuba ya mtu mmoja; ambalo ni kweli. Nami naona kwamba juu ya Berlin mtu mwenye haki anaweza kuwa upande wowote, na kwamba aliyekosea zaidi ni yule anayeona jambo hili ni jepesi. Isitoshe, Menuhin hakuwa mtu wa kuwapendeza wake peke yao: mwaka 1991, alipopokea tuzo ya Wolf ndani ya bunge la Israel, alisimama akawalaumu waliompa tuzo kwa namna walivyowatawala Wapalestina.

Ilibaki habari ya mkono, na hapo Fundi alimgeukia Maalim kwa ukali ambao haukutarajiwa.

FUNDI: Wewe nawe, Maalim, usitufanye tuamini kwamba mkono ulioharibika ni baraka. Nimesikiliza sahani zake za uzeeni. Kuna mahali upinde unakwaruza, kuna mahali sauti iko chini ya mahali pake. Aliyependa kusikia atasikia. Mtu huyu alihangaika. Akasoma vitabu vya ufundi kama mwanafunzi, akajivunja na kujijenga upya mbele ya kadamnasi, kwa sababu hakuwa na nafasi ya kujificha miaka miwili. Siwezi kuiita hali hiyo ushindi.

BI MWALIMU: Mimi naiita masomo. Huko India alikutana na B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga, aliyeambiwa kuwa atapewa dakika chache tu. Mgeni akapumzishwa kwa mikono ya yule bwana hadi akasinzia. Akamfanya mwalimu wake, na mwaka 1954 akampa saa iliyochorwa maneno ya kumtaja kuwa ndiye mwalimu wake bora wa fidla. Mwalimu bora wa fidla, na hakuwahi kushika fidla! Kwa sababu alimfundisha bega liko wapi, pumzi iko wapi, mambo ambayo mtoto wa ajabu hakupata kuyauliza. Na mwaka 1963 akafungua skuli ya watoto wenye kipaji, ambayo baadaye ilihamia Stoke d'Abernon huko Uingereza, na humo watoto hula pamoja, hucheza pamoja, husoma masomo mengine pamoja. Yeye aliyekwenda skuli siku moja.

WAKILI: Basi tupige kura. Mimi nasimama na santuri ya 1932.

MAALIM: Nami na ile ya Lucerne, Agosti 1947, Beethoven pamoja na Furtwängler.

BI MWALIMU: Fundi, mwanafunzi akija kwako kesho, utampa ipi?

FUNDI: Ya Elgar nitampa alale nayo, aijue sauti inavyoweza kuwa. Ya Lucerne nitampa akisha kuwa na miaka thelathini, si kabla. Na kwa mkono wake wa kulia sitampa sahani yoyote. Nitampa kile kitabu chake cha masomo sita alichokiandika akiwa mtu mzima, kinachoanza na namna ya kusimama na kupumua kabla ya kugusa upinde.

Wakili alisema kuwa jibu hilo si kura. Fundi akasema hatapiga kura hadi santuri zote mbili zipigwe, mwanzo hadi mwisho, na watu wanyamaze. Maalim akataka ianze ya Lucerne, Wakili akataka ianze ya 1932 kwa kuwa ndiyo iliyotangulia, wakabishana juu ya hilo kwa muda mrefu kuliko walivyobishana juu ya Berlin. Na Bi Mwalimu alipouliza kama yupo mwenye ile ya Mozart aliyopiga Hephzibah, ikaonekana kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo, kura ikaahirishwa mpaka itafutwe.